Kitabu Kisicho na Rafu Yake

Kila ninapomwazima mtu kitabu hiki, swali la kwanza huwa lile lile: ni kitabu cha namna gani? Swali ni la haki. Mtu anayetaka kushika kurasa zaidi ya mia mbili anapenda kujua anaingia nyumba ya nani, kama mgeni anavyochungulia uani kabla ya kupiga hodi. Nami hushindwa kumjibu kwa neno moja. Nikisema ni riwaya ya kihistoria, ni kweli, lakini mwanamke anayeihadithia amezaliwa baada ya Vita Vikuu vya Pili, anavaa suruali na kufanya kazi za vibarua ili apate nafasi ya kuandika. Nikisema ni riwaya ya kisayansi, kwa kuwa mtu anatoka zama hizi na kwenda zama zile, msomaji atatafuta mashine asiione. Nikisema ni riwaya ya mapenzi, Mungu anisamehe. Na nikisema inatisha nitakuwa nimesema kweli tupu, ila mpenda vitabu vya kutisha atangojea majini na maiti, naye atakuta binadamu watupu wenye mashamba, mahesabu na watoto.

Kitabu chenyewe ni Kindred, cha Octavia E. Butler, mwandishi Mmarekani mweusi, nacho kilitoka mwaka 1979. Hata jina lake linasumbua kulitia katika Kiswahili. Tunaweza kusema Jamaa, lakini jamaa siku hizi ni mtu yeyote tu. Tunaweza kusema Ndugu wa Damu, nalo linakaribia, kwa maana damu imo humo kwa maana zote mbili. Mimi hupendelea Akraba, neno ambalo bibi yangu mzaa mama alilitumia kwa watu ambao hata kama huwataki, maiti yao itakuhusu.

Kisa kinaanza hivi. Juni 9, 1976, siku Dana anapotimiza miaka ishirini na sita, yeye na mumewe Kevin wanapanga vitabu katika nyumba waliyohamia Altadena, karibu na Los Angeles. Dana anaona kizunguzungu. Anapofumbua macho yuko ukingoni mwa mto, na mtoto wa Kizungu anazama. Anamwokoa, anampulizia pumzi mpaka mtoto anazinduka, na shukurani anayopata ni mapigo ya mama wa mtoto na mdomo wa bunduki ya baba yake. Hofu ya kifo ndiyo inayomrudisha nyumbani, amelowa na tope mwilini. Mumewe anamwambia kwamba ametoweka kwa nukta chache tu.

Mtoto yule ni Rufus Weylin, mwana wa mwenye shamba katika jimbo la Maryland, mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa. Kila maisha ya Rufus yanapokuwa hatarini, Dana anavutwa kwenda kumwokoa. Kila maisha ya Dana mwenyewe yanapokuwa hatarini, anarudi. Hakuna maelezo zaidi ya hapo. Butler alikataa kukiita kitabu hiki riwaya ya kisayansi, akisema hakimo sayansi ndani yake. Watu hawakumsikiliza sana. Alifariki mwaka 2006, na mwaka 2021 shirika la anga la Marekani likapaita kwa jina lake mahali chombo chao kilipotua katika sayari ya Mirihi. Heshima kubwa, na alistahili kwa vitabu vyake vingine; lakini mtu akisikia habari hiyo kisha akafungua Kindred, atashangaa kujikuta jikoni mwa shamba, mwanamke anakanda unga.

Sisi wa pwani, nadhani, tunakielewa kitabu hiki upesi kuliko wale waliotafuta rafu ya kukiweka. Zamani mtu akiugua ugonjwa usio na jina, wazee walisema anatakwa na mizimu ya kwao. Mizimu haiombi ruhusa. Haiulizi kama una kazi kesho asubuhi. Inakuita, nawe unakwenda, na ukirudi watu wanakuona mwehu. Tofauti ni kwamba anayemwita Dana hajafa, tena hajui kwamba anaita, na ni bwana mwenye watumwa. Maana Dana, akikumbuka majina yaliyoandikwa katika Biblia ya familia yao, anatambua kwamba Rufus ni babu yake. Ukoo wao unaanzia kwa Hagar, aliyezaliwa mwaka 1831, binti wa Rufus na mwanamke mweusi aitwaye Alice. Rufus akifa kabla ya Hagar kuzaliwa, Dana naye atakuwaje?

Hapo ndipo kitabu kilipo, ndugu msomaji. Mambo ya kusafiri katika wakati ni mlango tu. Mwanamke huyu analazimika kumlinda mtu ambaye, akikua, atamnyanyasa bibi yake; na analazimika kumlinda ili unyanyasaji huo upate kutokea, kwa kuwa yeye mwenyewe ametokana nao. Mwandishi hampunguzii mzigo. Alice anazaliwa huru. Anaupoteza uhuru wake kwa kosa la kutoroka na mumewe mtumwa, na Rufus anamnunua. Rufus huyo anasema anampenda. Tena anampenda kweli, ndiyo ajabu yake. Walicheza pamoja utotoni. Hampendi kama jinamizi la vitabuni, anampenda kama mtu anayependa kitu ambacho hajawahi kufikiri kwamba kinaweza kukataa.

Kwa nini jambo hili linanihusu mimi, mwalimu mstaafu niliyezaliwa Pangani? Kwa sababu katika nyumba yetu majina saba ya wazee wa kiume husomwa kila tunapofanya khitma ya ukoo, toka babu hadi yule wa mwanzo aliyekuwa na shamba la miwa kando ya mto. Karne ya kumi na tisa Pangani ilikuwa mji wa sukari, na sukari ile ililimwa na watumwa. Hilo halina ubishi. Babu wa mwanzo alikuwa na suria. Suria huyo ndiye aliyemzaa jina la pili katika orodha yetu. Yeye mwenyewe hatajwi. Nikiwa mdogo niliuliza, nikaambiwa alitoka bara, basi. Neno bara ni pana.

Mjomba wangu, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, alikuwa na jibu ambalo nimelisikia katika nyumba nyingi za pwani: utumwa wetu haukuwa kama wa Wamarekani. Na ana hoja. Kule Maryland mtoto alifuata hali ya mama yake. Mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata kama baba ndiye mwenye shamba na mtoto amechukua pua yake. Baba aliweza kumwuza mwanawe mwenyewe, na wapo waliofanya hivyo. Kwetu, kwa sheria ya Kiislamu, suria akimzalia bwana wake naye bwana akakiri, mtoto ni huru na ndugu kamili wa watoto wa mke wa ndoa; na mama huyo hauzwi tena, na bwana akifa huwa huru. Seyyid Barghash, aliyetia sahihi mwaka 1873 mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja, yeye mwenyewe alizaliwa na suria. Huko Maryland mtoto wa namna hiyo angekuwa shambani anakata tumbaku.

Yote hayo ni kweli, na nilimkubalia mjomba. Lakini Kindred kilinionyesha mahali ambapo hoja hiyo haifiki. Inazungumza juu ya mtoto. Inazungumza juu ya baba na ukarimu wake. Mama, tunamwambia nini? Alice naye katika riwaya anawatakia wanawe hati za uhuru, na hati hizo zinakuwa kamba mkononi mwa Rufus: ukinipendeza, nitawaandikia. Fadhila aliyofanyiwa mtoto imekuwa kufuli mlangoni kwa mama. Na sisi je? Amri ya mwaka 1897 ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba iliwaruhusu watumwa kwenda kudai uhuru wao, ila masuria waliwekwa kando, kwa kuwa walihesabiwa kama wake, mpaka waonyeshe kwamba wametendewa ukatili. Ule ulaini tunaojisifia ndio uliowafungia mlango. Upande wetu wa bara ilibidi kungoja zaidi. Wajerumani walitoa amri za nusunusu, na utumwa haukufutwa kabisa Tanganyika mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Bibi mzaa mama alikuwa amekwisha kuzaliwa.

Kuna jambo jingine lililonigusa, nalo ni jina la yule mtoto. Hagar. Wasomaji wa Marekani hulipita haraka, lakini Mwislamu hawezi. Ndiye Bibi Hajar. Wengi wetu tumefundishwa chuoni kwamba alikuwa mjakazi wa Bibi Sara, akamzalia Nabii Ibrahim mtoto, kisha akaachwa jangwani na mtoto wake akitafuta maji. Kila anayehiji leo, awe tajiri awe maskini, awe mtu wa asili kubwa asiyekubali kuoza binti yake nje ya kabila lake, hana budi kukimbia baina ya Safa na Marwa kama alivyokimbia mjakazi yule. Mjomba wangu amehiji. Nilimwuliza, kwa adabu, kama miguu yake haikumkumbusha mtu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, wafu wana sitara yao. Usifukue." Basi sikufukua. Nilimpa kitabu.

Lakini nirudi kwenye kitabu, maana nilikusudia kukisifu na siyo kusimulia ukoo wangu.

Uzuri wake mkubwa ni jinsi elimu ya Dana isivyomfaa. Anakwenda huko na mkoba: kisu, asprini, mswaki, kitabu cha historia ya utumwa, ramani ya Maryland. Mtu wa leo akiwazia safari kama hiyo hujiona ni mjuzi miongoni mwa wajinga. Anajua vita itakuja lini na nani atashinda. Rufus anamfanya kitabu hicho na ramani hiyo azitie motoni kwa mkono wake mwenyewe. Dana anajua kwamba katika Maryland utumwa utakwisha, nasi tunajua ulikwisha Novemba 1, 1864. Faida ya kujua hivyo ni ipi kwa mtu anayepigwa mjeledi miaka arobaini na kitu kabla? Anamfundisha mtoto wa kitumwa kusoma, na anakamatwa, na anachapwa mpaka anadhani anakufa, ndipo anarudi kwao. Nimesoma historia nyingi za utumwa, zikiwemo zenye hesabu za majahazi na bei za watu. Hakuna iliyonionyesha kama hiki jinsi mtu mwenye akili timamu anavyojifunza, siku moja baada ya nyingine, kuinamisha macho. Dana mwenyewe anashtuka kuona ni upesi kiasi gani.

Inasemekana kwamba hapo mwanzo Butler alitaka mwanamume ndiye asafiri. Aliacha, kwa kuwa mwanamume mweusi wa miaka ya sabini, aliyezoea kumtazama Mzungu usoni, angeuawa kabla hajajifunza kanuni za mahali pale. Ndivyo tulivyompata Dana. Na mumewe Kevin ni Mzungu. Naye katika safari moja anamshika mkewe na kuvutwa pamoja naye, kisha anaachwa huko. Kwa Dana nyumbani zinapita siku nane. Kwa Kevin inapita miaka mitano. Mtu mwema kabisa, nami nampenda. Lakini kule anaweza kukaa mezani na bwana wa shamba, mkewe akilazimika kujidai mtumwa wake. Mwandishi hamtukani wala hamteti. Anatuonyesha tu nani anakula wapi.

Kitabu kina kasoro? Sura zinazotokea California ni nyembamba kidogo kwangu, na mazungumzo ya wanandoa hao wakati mwingine ni makavu. Wanaopenda lugha ya madaha hawataipata. Kiingereza chake ni cha moja kwa moja, kama cha mtu anayetoa ushahidi, na mwanafunzi wa kidato cha nne aliyejitahidi anaweza kukisoma bila kamusi nyingi. Kwangu hiyo ni sifa. Mambo yanayosimuliwa ni mazito vya kutosha. Mwandishi angeyapamba yangenuka. Ila kina ubakaji, kina mapigo, na kina kifo kimoja ambacho sikuweza kuendelea kusoma usiku ule. Mwalimu asikigawe darasani bila kukisoma yeye kwanza. Mwisho wake siutaji, isipokuwa kwamba Dana anarudi bila mkono wa kushoto, na hilo si siri, unaambiwa mwanzoni kabisa.

Ziko kazi zetu wenyewe za kusoma kando yake. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934, kinaeleza habari za watumwa waliokombolewa na kuwekwa Freretown, Mombasa, kwa jicho la mtu anayewashukuru waliomkomboa. Na Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, cha mwaka 2001, nacho kinamtoa babu kaburini amfuate mjukuu, wala hakuna aliyeuliza kina sayansi au hakina. Lakini sijapata katika Kiswahili riwaya inayomtuma mwanamke wa leo aingie mle ndani kabisa, katika chumba cha suria, na akae humo mpaka aelewe. Anayeweza kuiandika aiandike. Mimi umri umekwenda.

Nimemwacha mtu mmoja nisemaye habari zake, naye ni Sarah, mpishi wa shamba la akina Weylin. Watoto wake waliuzwa wote isipokuwa mmoja, binti bubu, na wenye shamba wanamtawala mama kwa kumwachia huyo. Dana anapomwona mara ya kwanza anamdharau kimoyomoyo: mwanamke mnyenyekevu, haotei kutoroka, hataki hata kusikia habari za waliotoroka. Polepole dharau hiyo inamtoka. Butler aliwahi kueleza kwamba mama yake mwenyewe alikuwa mtumishi wa majumbani, akiingia kwa mlango wa nyuma na kusemwa vibaya mbele ya mwanawe, na kwamba utotoni aliona haya. Baadaye alifahamu kwamba bila haya zile asingekula. Alimsikia pia kijana mmoja, walipokuwa chuoni, akiwalaumu wazee kwa kuvumilia mno. Kitabu kizima ni jibu kwa kijana yule.

Mjomba alikaa nacho siku nne. Alikuwa karani wa serikali kwa muda mrefu, Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Niliporudi kwake baada ya swala ya alasiri na kumwamkia, kitabu kilikuwa juu ya mkeka, miwani imewekwa juu yake. Nilidhani atazungumza juu ya Rufus, au juu ya ile hoja yetu ya sheria. Hakuzungumza.

"Huyu mpishi," alisema, "namjua."

Akanieleza kwamba bibi yake, alipokuwa mtu mzima sana na kichwa kimeanza kumpotea, alikuwa akikanda unga huku akiimba wimbo ambao nyumba nzima hakuna aliyeujua maneno yake. Si Kiswahili, si Kizigua. Watoto walimcheka. Aliufunzwa na mama yake. Mjomba alijaribu kuuimba, akakumbuka sauti tu, mistari miwili hivi, kisha akaacha. Halafu akanitajia jina la yule suria, jina la kupewa, la namna ya kina Faida na Mabruki, na jingine la kwao, ambalo sikujua kwamba kuna mtu hai analijua.

Aliniomba nisiyaandike mpaka atakapoamua mwenyewe kama yatasomwa katika khitma ya mwaka ujao. Sijayaandika.